Zamu Yangu ya Kupiga Magoti

Saratani ilipofika kwenye mifupa, mke wangu hakuweza tena kupiga magoti kusali.

"Baba watoto, leo piga wewe kwa niaba yangu," alisema asubuhi ile, kichwa kimezama kwenye mto.

Mimi fundi magari, magoti yangu yalijua sakafu ya gereji tu. Miaka yote akisali nilijifanya nimelala, nikimsikiliza akinong'ona. Mpaka leo naikumbuka sauti ile, kama ya mtu anayepiga soga na jirani.

Nikashuka kitandani. Zulia lilikuwa limelika sehemu mbili, alama ya magoti yake. Nikaweka yangu palepale.

"Mungu," nikaanza, "samahani, ni mimi, mume wa..."

"Anakujua," akanikatiza. "Kila siku nilikuwa nakutaja. Endelea."

Machozi yakanitangulia.

"Baba," nikasema.