Viatu vya Syokau

Mutanu alivaa viatu vya dada yake aliyezikwa, akashika ncha ya kamba fupi, akasimama kando ya Bisharo bila kusema neno. Bisharo, ambaye hajawahi kuona tangu azaliwe, alishika ncha ya pili akatabasamu.

"Syokau, umechelewa. Umekunywa chai?"

Mutanu akaivuta kamba mara moja: ndiyo.

"Uongo. Tumbo yako inanguruma mpaka naisikia." Akatoa mkate wa anjera mfukoni. "Kula. Hatukimbii kama hujakula."

Mutanu akala huku machozi yakimtiririka. Afadhali mwenzake hakuyaona.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini uongo huu uliuzunguka uwanja wa Machakos kila asubuhi wala haukuchoka. Aliyeuanzisha ni Kocha Musau. Alimkuta Mutanu kwao amelala uso ukutani, siku nyingi tangu pikipiki ilipomgonga Syokau. Mutanu hakuwa akila wala kuongea, na hata mazishini hakwenda. Yeye ndiye aliyemtuma dada yake dukani jioni ile akalete unga, na hakuna aliyeweza kumwondolea jambo hilo moyoni.

"Mwiitu, binti yangu, amka," kocha alimwambia. "Bisharo alikuwa kwao Katangi wakati wa ajali, hajaambiwa. Dada yako ndiye alikuwa macho yake. Akijua amekufa, ataacha mbio, na mchujo wa Nairobi ni mwezi ujao. Wewe na Syokau mko kimo kimoja, hata mikono yenu inafanana. Nitamwambia Syokau amefanyiwa upasuaji wa koo, haruhusiwi kuongea. Kimbia naye tu mpaka mchujo uishe."

Mutanu alitaka kukataa. Lakini alijiona amekwisha kumuua msichana mmoja. Angewezaje kummaliza na wa pili? Akaamka, akaoga, akavifunga vile viatu.

Tangu hapo akawa mzimu aliye hai. Wanariadha wengine, kama kocha alivyowaagiza, walimwita Syokau kwa sauti kubwa, kisha wakageuza nyuso zao. Alipokimbia alisikia pumzi za dada yake ndani ya kifua chake mwenyewe, na kwenye kila kona ilikuwa kama mkono mwingine umemtangulia kuivuta kamba. Aliogopa. Hata hivyo, kulipokucha alijikuta amerudi uwanjani.

Bisharo naye hakunyamaza hata kidogo. "Unakumbuka vile ulinivuta nikaangukia mbuzi wa baba?" alisema, akacheka peke yake. Siku moja, katikati ya mzunguko, akauliza ghafla, "Na Mutanu, mbona siku hizi hatumsikii? Mwambie hapa hakuna mtu amemkasirikia."

Mutanu alikosea hatua, nusura waanguke wote wawili.

Siku ya mchujo jua lilikuwa kali. Walianza vizuri, wakashika nafasi ya pili, na wa pili ndiye alikuwa wa mwisho kuchaguliwa. Kwenye kona ya mwisho Bisharo akaanza kulegea. Nyuma yao vishindo vya miguu vilikuwa vikikaribia. Mutanu akaivuta kamba, akaivuta tena, lakini mwenzake aliendelea kuzama.

Ndipo maneno yakamponyoka. "Twende, Bisharo! Usiniache! Imebaki kidogo, twende!"

Bisharo akainua kichwa, akachomoka. Wakavuka mstari wakiwa wa pili, wakaanguka pamoja kwenye nyasi, huku Kocha Musau akipiga mayowe kule kando.

Mutanu hakuweza kufurahi. Sauti yake ilikwisha kumuumbua, na sasa ilibidi amalize.

"Mimi si Syokau," akasema. "Syokau alikufa, Bisharo. Mimi ndiye nilimtuma. Nimekudanganya hizi siku zote. Nisamehe, na tafadhali usiache mbio."

Bisharo akapapasa mpaka akaupata uso wake, akayashika mashavu yaliyokuwa yameanza kujaa tena.

"Mutanu, mimi nilirusha udongo kwa kaburi yake," akasema polepole. "Kocha alituuliza ni nini kitakutoa kwa kitanda. Nikamwambia: enda umwambie mimi bado sijui."