Tangi la Ndani ya Kompyuta

Tone la njano lilipanda mbio kutoka chini ya tangi hadi juu ya maji, likatulia.

"Hapo imedanganya," alisema mzee Sifael, akigonga kioo cha kompyuta kwa kidole. "Mwezi wa saba, mlima Meru ukijifunika mawingu, mafuta hayana mbio hivyo."

Injinia Evelyn Ndesanjo akapunguza joto la maji, akaianzisha upya programu. Safari hii matone yalipanda kwa kujivuta. Akatoka nje kulichungulia tangi lenyewe, lile la zege ambamo maji machafu ya kiwanda cha alizeti yalituama ili mafuta yaelee na kuenguliwa, kabla maji hayajaachiwa mferejini kuelekea Olasiti. Utando wa mafuta ulikuwa na unene uleule uliotabiriwa na kompyuta. Alipaswa kufurahi. Badala yake alirudi ndani bila kumtazama mzee.

Wiki saba zilizopita Meneja, mtu wa tai na maneno laini, alifunga mlango wa ofisi ndipo akasema. Kiwanda kilikuwa kimeshauzwa, na mwekezaji hakutaka watu wengi.

"Ukishaliingiza tangi lote kwenye kompyuta, likawa linaigiza sawasawa lile la nje, pale mtu mmoja anatosha." Hakutaja jina, na Evelyn hakuuliza. "Na mwenzako asijue. Akijua hatakupa kitu, na mkataba wako utaishia hapo."

Mzee Sifael alikuwa amelilinda tangi lile miaka ishirini na miwili. Kwa pua tu alijua kama mafuta yameanza kutoroka na maji. Yote aliyoyajua alimpa Evelyn, hakubania hata moja, na kila alilompa lilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

Baba yake Evelyn alipunguzwa kazi kiwandani Moshi mwaka tisini na nne. Hadi leo huamka saa kumi na mbili, huvaa ovaroli, hukaa barazani akitazama geti. Sasa binti yake alikuwa anamtayarishia mzee mwingine baraza kama hilo, na akikataa, nani atamlisha yule wa kwanza? Hakuwa na pa kutokea.

"Na hii batani ya juu, mwanangu, ni ya nini?" mzee alizoea kuuliza, daftari magotini.

Evelyn alimweleza kila alichouliza. Angemnyima vipi? Akienda maabara na sampuli, alirudi akamkuta amekalia kiti chake, akiyapandisha matone na kuyashusha, na alimwachia ajifurahishe. Kila Jumatatu mzee alimletea ndizi na maziwa kutoka kwake Akheri.

Siku za karibuni mzee alikuwa akija na macho mekundu. "Usingizi umenikataa," alisema tu, akiangalia pembeni. Evelyn alidhani ameshapata fununu. Mara mbili alifungua kinywa amwambie, na mara mbili akamkumbuka baba yake, akageukia kompyuta.

Ijumaa moja matangi mawili, la ndani na la nje, yalikubaliana kwa siku ya kumi mfululizo. Meneja akamwita Evelyn, akampa bahasha ya kaki iliyobandikwa, isiyo na jina.

"Mpelekee mzee Sifael. Mkononi. Anajua la kufanya."

"Kwa nini mimi, bosi?"

"Mmeshazoeana."

Kutoka ofisini hadi kwenye tangi ni hatua mia, hazizidi. Siku hiyo Evelyn alitamani zisiishe. Alimkuta mzee akiifuta kompyuta vumbi kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akaiona bahasha, akakiweka kitambaa chini.

"Nisamehe, baba." Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Meneja alishaniambia kwamba atabaki mtu mmoja."

Mzee Sifael alimkodolea macho. Akaketi taratibu.

"Ulijua?" alisema. "Ulijua, na bado ukanifundisha?"

Evelyn hakumwelewa. "Mimi Meneja aliniambia nijifunze kwako, nisikwambie," mzee alisema, akaichana bahasha, akatoa karatasi bila kuisoma, akamkabidhi kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Juu, kwa herufi za taipu, iliandikwa: *Kwa Injinia Evelyn Ndesanjo. Yah: Kusitishwa kwa mkataba wako.*