Taa Mbili Juu, Tatu Chini

Taa mbili juu, tatu chini. Fundi alizikodolea macho mpaka yakamtoka machozi, asiambulie kitu.

Saa ile aliiunda mwenyewe, enzi zile anafundisha vijana ufundi wa mitambo. Haina mishale wala tarakimu. Ni taa nyekundu kumi tu ukutani: nne za juu ni za saa, sita za chini ni za dakika. Kila taa ina thamani yake: moja, mbili, nne, nane, na kuendelea hivyo. Unajumlisha zinazowaka, umepata wakati. Mtoto wa miaka saba angeisoma akielekezwa mara moja. Lakini Fundi, mwenye saa, huu mwezi wa nne sasa alikuwa akiona taa tu. Ipi nane, ipi moja, hakumbuki ng'o.

Hakumwambia mtu. Na leo binti yake anamleta daktari.

"Mama watoto!" aliita. "Hebu niambie simu yako inasemaje, nione kama inakwenda sawa na saa yangu."

"Saa tatu na dakika kumi na tisa," mkewe alijibu kutoka jikoni.

"Haya, leo imejitahidi."

Huo ndio ujanja wake, na haukuwahi kumwangusha hata siku moja. Simu yake mwenyewe ilikuwa mezani, imefumuliwa matumbo tangu mwaka jana. Saa nyingine hakuna, maana alikataa katakata kuweka saa ya dukani ndani ya nyumba ya fundi. Kiburi kile sasa kilikuwa kikimtokea puani.

Hofu ilimwanza juma lililopita, alipotoka karakana akaacha chuma cha kulehemu kinawaka. Meza iliungua nusu. Binti akaja siku ileile, na tangu hapo mama na mwana wakawa watu wa kunong'ona jikoni. Akiingia yeye, kimya, kila mmoja anatafuta sufuria ya kuosha. Jana alimkuta mkewe anajifuta macho kwa kiganja.

"Vitunguu hivi," alisema mkewe. Hapakuwa na kitunguu.

Fundi hakuhitaji kutafuniwa. Watamhamisha. Atawekwa kwenye chumba cha wageni kwa binti, ghorofa ya tano, karakana itiwe kufuli na zana zake ziuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Jamani! Usiku kucha alikuwa akigeukageuka kitandani. Alitaka kitu kimoja tu duniani, aachwe azeekee humu humu, na mkewe, na vyuma vyake.

Daktari alifika jua limeshaanza kuchoma. Kijana mpole, mwenye daftari dogo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Karibu."

Akaulizwa leo ni siku gani. Alikuwa ameshamsikia mkewe akiitaja jikoni. Akaulizwa majina ya wajukuu. Picha zao zilitundikwa nyuma ya kichwa cha daktari, kila moja na jina lake chini. Jasho lilimtiririka mgongoni, lakini mdomo ulikuwa mwepesi. Mkewe alileta chai, akaweka sinia, akaketi kwanza ashike pumzi ndipo akamimina. Fundi hakuwa na macho ya kumtazama.

Halafu binti akaharibu.

"Daktari, hayo ni maswali ya watoto. Muulize saa ile. Kaiunda mwenyewe, na humu ndani hakuna mwingine anayeijua. Akiisoma hiyo, mimi sina neno tena."

Wote wakageuka ukutani. Taa mbili juu, tatu chini. Tena mbili na tatu, ila si zilezile za asubuhi. Zilikuwa zimehama, na huko zilikohamia hakupajua. Roho ilimpaa. Alianza kuhesabu, akapotea, akaanza upya. Kwa pembe ya jicho alimwona binti anamtazama mama yake.

"Kwanza simu yako inasemaje, daktari?" Hakujua sauti imetoka wapi. "Maana simu za siku hizi zina uongo mwingi."

Daktari akaichungulia. "Saa tano na dakika saba."

Fundi aliinua kidevu, akakunja uso, akazitazama taa zake taratibu, moja moja.

"Basi leo inasema kweli," alisema. "Hata yangu ni tano na saba."

Daktari aliangua kicheko, akafunga daftari. "Mzee huyu ana akili kutushinda sisi sote!"

Fundi naye alicheka. Amepona. Hang'oki mtu hapa.

Binti alishusha pumzi ndefu, akachuchumaa mbele ya kiti, akamshika mikono yote miwili.

"Nisamehe, baba. Nilikuwa nimeshampata mtu wa kuja kukaa nawe. Nitampigia asije. Sasa mama hana kisingizio tena. Mwezi mzima daktari wake huyu anambembeleza akalazwe, apasuliwe, naye ameshika lilelile: haondoki mpaka ahakikishiwe unaweza kubaki peke yako."

"Lini?" Fundi aliuliza.

"Sasa hivi, baba. Gari liko nje."

Mkewe aliinuka kwa kujikokota, mkono ubavuni. Akatia simu yake mkobani. Akamjia, akamnyooshea kola ya shati.

"Vidonge vyako vya moyo viko kabatini," alisema. "Kimoja saa saba, kimoja saa mbili usiku. Usiruke wala usirudie, unajua ulivyoonywa. Namshukuru Mungu, saa unayo."