Paka Aliyeinua Gari

"Fundi aliinua gari kwa gato," msusi alisoma, koo limeshamkauka. "Gato. Paka au jeki?"

Wifi yake alitazama dirisha lenye nondo, akatazama mlango uliofungwa, kisha akarudi kwenye daftari.

"Paka."

Msusi alishika kichwa. "Wewe, paka huyo umemwonea wapi? Anyanyue gari?"

"Samahani, wifi. Yananichanganya."

Ndivyo zilivyokwenda alasiri zao zote. Kaka yake msusi alikuwa ng'ambo na alitaka mkewe amfuate, ila bila kufaulu mtihani wa Kihispania kibali hakitoki. Maneno arobaini, kila moja lina maana mbili. Unapewa sentensi, unaweka vema kwenye maana moja. Kupita ni thelathini. "Hata ukifumba macho ukaweka vema ovyo ovyo, nusu utaokota," mwalimu alikuwa amewaambia. Na kweli wifi mtu aliokota nusu: mara ya kwanza kumi na nane, mara ya pili kumi na tisa.

Hapo ndipo kaka alipoagiza saluni ifungwe na mlango wa nyumbani utiwe kufuli, mkewe asije akazubaa mitaani vitabu vikaota vumbi. Ufunguo ukae kwa msusi. Alichosahau ni kwamba mlinzi naye yumo ndani. Wiki ya sita sasa, wateja wa msusi walishahamia kwa jirani, na yeye alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Alimpenda wifi yake, lakini kuna siku alitamani kumkunja kama nguo, amtie sandukuni, aende zake.

"Muñeca?"

"Mwanasesere."

"Na maana ya pili?" Kwenye orodha ya msusi iliandikwa: kifundo cha mkono.

Wifi yake alivuta mkono wa blauzi ukafunika kifundo cha mkono wake wa kulia, kile kilichounga kombo. "Sijui, wifi."

Saa kumi juu ya alama simu iliita. Penseli ikamdondoka mke wa kaka, kama kila siku. Msusi alipokea kwa sikio la kulia, maana la kushoto lilikufa akiwa na miaka tisa, alipoanguka ngazini. Mama yao alipenda kuwasimulia wageni kisa hicho.

"Mwambie kesho ajitahidi," kaka alisema kwa upole. "Mke hakai mbali na mumewe milele."

Kesho yake msusi alimsindikiza hadi chumba cha mtihani, akamngoja nje kwenye benchi. Mchana mwalimu alimletea karatasi ameishika kwa vidole viwili.

"Sifuri," alisema. "Miaka ishirini nafundisha, hii sijaiona."

Walirudi nyumbani. Msusi alifunga mlango, akaketi mezani, akaanza kusoma, na ingawa hasira ilikuwa imemjaa, kicheko kilimponyoka. Wazee wamekaa bustanini juu ya benki, si benchi. Madaktari wamegundua padri wa kikohozi, badala ya tiba. Na yule fundi, bado na paka wake.

Alipofika mwisho hakuwa akicheka tena. Akarudi juu, akashuka polepole, kidole kikigusa kila alama. Mara arobaini wifi yake amekosea. Hakuteleza akapatia hata mara moja.

Aliinua macho.

"Zile mbili za mwanzo nilibahatisha tu," wifi yake alisema taratibu. "Nikapata kumi na tisa, wifi. Nikaogopa. Nikaona bora niyajue yote, ndipo niyakose yote."

Saa kumi ikafika. Simu iliita juu ya meza, hakuna aliyeigusa.

"Huo mkono," msusi aliuliza. "Ulianguka wapi?"

"Ngazini." Wifi yake alimtazama usoni. "Kama wewe."

Simu haikunyamaza. Msusi alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya daftari, upande wa wifi yake. Ndipo akapokea.

"Kapata ngapi?"

"Huyu kichwa kizito, kaka. Hata mwakani sidhani. Anasema paka anainua gari."

Kisha akaihamishia simu kwenye sikio la kushoto, akamwacha afoke humo mpaka achoke. Nyumba waliyokulia yeye na kaka yake ilikuwa ya chini. Haikuwa na ngazi hata moja.