Karai la Udongo Mweusi

Tangu machimbo yafungwe, Nyamizi alikuwa akifukia mashimo ambayo mumewe, Lugata, aliyachimba katikati ya shamba lao akitafuta dhahabu. Shingo yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kubeba makarai ya udongo mweusi wenye rutuba kutoka zizini kwa jirani. Siku hiyo alitua mzigo, akamwomba Lugata auchambue mawe, kisha akajinyoosha kivulini.

Alipofumbua macho, mumewe alikuwa amechuchumaa kando ya dimbwi, akilizungusha karai polepole kama enzi zile za kuosha dhahabu machimboni. Udongo mweusi ulikuwa ukimwagika pamoja na maji, mchanga mtupu ukibaki chini.

"Baba Shija," Nyamizi alimwambia mumewe bila kuinuka, "huo unaoumwaga ndio tunaoutaka."

Lugata aligeuka kumtazama. Mikono yake ilikuwa bado inalizungusha karai.