Kikombe Kikiguswa

"Binti wa Bukeyeneza kamtia Amosi wako kwenye kompyuta. Watoto wakigusa pabaya, anakufa palepale."

Maneno hayo Yusta aliyapata kwa Marcelina, kwenye foleni ya maji Kasingirima.

"Acha utani, shoga."

"Utani? Ningekuwa mimi, nisingekuwa hapa nabembeleza ndoo."

Yusta alicheka ili watu wasimwone mjinga. Lakini alipofika nyumbani maneno yalikuwa bado yapo naye. Alikunja sweta ya kijani ya marehemu mwanawe Amosi, akairudisha sandukuni. Akajitupia kanga, akashika njia ya Rusimbi mbiombio.

Alimkuta Lyse, yule binti wa Bukeyeneza, peke yake mbele ya kompyuta, anatengeneza somo la kipindupindu la watoto wa wakimbizi, wale waliokuwa bado wanashuka kwenye maboti kutoka Burundi. Kesho yake lingeonyeshwa kambini.

"Shikamoo, Mama Amosi."

"Nionyeshe."

Kwenye kioo palikuwa na ziwa, sabuni, kikombe, na mtoto wa miaka sita mwenye sweta ya kijani na pengo la mbele. Ndiye.

"Ulikubali nimchore, mama," Lyse alisema kwa wasiwasi. "Kila kitu nimekipa amri yake. Mwanafunzi akigusa sabuni, nyota inawaka. Akigusa kikombe cha maji ya ziwa..."

"Basi. Nitagusa mwenyewe."

Akagusa. Amosi akanywa, akalegea, akalala mchangani. Halafu akafifia, akafifia, mchanga ukabaki mtupu.

"Yoo! Mwana wanje! Mwanangu!" Yusta akashika meza kwa mikono miwili. "Mrudishe! Lyse, mrudishe!"

Lyse akabonyeza kitufe cha kuanza upya. Amosi akasimama tena, na sweta yake, na pengo lake.

"Nisamehe, mama. Amri hiyo naifuta sasa hivi. Nitaweka alama nyekundu tu, wajue wamekosea."

Yusta alimtazama yule mtoto kwenye kioo mpaka Lyse akaona aibu kukaa naye chumba kimoja.

"Mtoto gani anaogopa alama nyekundu?" alisema hatimaye. "Iache hivyo hivyo. Ila akishapotea, sauti gani inatoka?"

"Bado sijaweka."

"Weka yangu."

Lyse akasogeza maikrofoni. Yusta akaanza polepole, kama anayemwagiza mtoto dukani:

"Usinywe maji ya ziwa bila kuchemsha.

Usichote maji karibu na mahali watu wanapojisaidia.

Usile kabla ya kunawa kwa sabuni.

Nawe mama, usimfiche mtoto anayeharisha kwa kuona aibu.

Usiseme tungoje kupambazuke. Mimi nilisema hivyo kule Kagunga, kando ya ziwa, na Amosi hakupambazukiwa."