Kitanda Kilichoitwa Jeneza

Bwana harusi mwingine alikuwa ameghairi kununua kitanda, na hakuwa wa kwanza. Alimtumia mchumba wake kiungo cha kitanda hicho kwa simu, na chini ya picha pakatokea maneno yaliyokolezwa wino: "Majeneza imara. Mteja wetu hajawahi kurudi kulalamika."

Mwenye karakana, seremala wa samani na majeneza, aliona maji yamemfika shingoni. Akamwita fundi aliyemtengenezea tovuti.

Fundi alifika amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Mwenye karakana alimwamkia kwa shingo upande, akamwonyesha kiti katikati ya vumbi la mbao, kisha akakaa mbele yake na kukunja mikono.

"Fundi, umekuja kwangu na mambo mawili," alisema. "La tovuti na lile jingine. Hili la kwanza umelivuruga. Nikuamini vipi kwa la pili?"

Fundi alitupa jicho kwenye mlango wa ndani. Lile jingine lilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, likijifanya linakunja nguo. Yeye na fundi walikutana kwenye darasa la kompyuta la asubuhi, saa ambazo wengine wako kazini. Fundi alikuwa akimwelekeza namna ya kushika kipanya, na kipanya kikawa kisingizio cha kushika mkono. Tangu hapo hakuwa na raha. Alitaka ndoa, na alitaka ifuate njia, kwa ridhaa ya mwenye nyumba.

"Huyo ndiye pekee niliyebaki naye," mwenye karakana aliendelea, sauti ikimlegea. "Akiondoka, sijui nyumba hii nitaikaa vipi. Sasa nimkabidhi kwa mtu anayechanganya kitanda na jeneza?"

"Sikuchanganya, mkuu. Ulikuwa uvivu."

Akaeleza. Kila ukurasa una maneno yaliyofichwa kichwani mwake. Msomaji hayaoni, lakini simu na mitambo ya kutafutia huyasoma na kuyatangaza. Yeye aliyaandika mara moja tu, kwenye faili moja aliyoiita kichwa, na kurasa zote zikawa zinaiazima hiyo hiyo kutoka kwenye seva, kompyuta inayotunza tovuti. Siku aliyoiandika alikuwa ameanza na majeneza. Ndiyo maana meza, makabati na vitanda vyote vilizunguka mjini vikibeba salamu za makaburini.

"Basi kila ukurasa useme habari zake," mwenye karakana alisema. "Hapa hapa, mbele yangu. Ukiweza, tutaongea la pili. Ukishindwa, usinipitie tena mlangoni."

Fundi alishusha miwani puani, akafungua kompyuta. Katika kichwa alifuta maneno ya majeneza, akaacha nafasi mbili tupu, moja ya jina la ukurasa na nyingine ya maelezo yake. Kisha akaingia ukurasa mmoja baada ya mwingine na kuuandikia maneno yake wenyewe, ili mtu akiomba kitanda, seva ijaze nafasi zile kwa habari za kitanda kabla ya kumpelekea. Vidole vyake havikuwa na haraka. Mwenye karakana alitikisa mguu mpaka vumbi likainuka.

"Tayari," fundi alisema.

Mwenye karakana akatuma kiungo cha kabati nyuma ya pazia. "Haya, tusomee."

"Hamna kitu," sauti ikajibu. "Naona picha tu."

Mwenye karakana akainuka na kwenda kushika komeo la mlango wa nje. Fundi, roho juu, alipekua mistari yake toka mwanzo. Ndipo akaona. Katika kila ukurasa alikuwa ameandika maneno chini ya mstari unaokiita kichwa, na seva husoma kutoka juu kwenda chini. Kichwa kiliitwa, kikatoka mikono mitupu, ndipo kikaambiwa cha kusema.

"Nisubiri kidogo, tafadhali. Nimetanguliza kuita kabla ya kutuma ujumbe."

Akapandisha maneno juu ya mstari ule, ukurasa kwa ukurasa, jasho likimtiririka. "Jaribu meza."

"'Meza ya watu sita,'" sauti ikasoma polepole. "'Haitikisiki hata mkigombana.'"

Mwenye karakana aliachia komeo. "Na kitanda?"

"'Kitanda cha wawili. Hakipigi kelele.'"

Nyuma ya pazia mtu alicheka mpaka akapaliwa. Mwenye karakana alitazama dari.

"Hilo utalibadilisha."

"Nalibadilisha sasa hivi."

Mwenye karakana alirudi kukaa. Alikuwa amejiandaa kukataa, tena kwa maneno makali. Lakini mtu huyu alikosea, akakiri, akakosea tena mbele yake, na bado hakuinuka kwenye kiti mpaka mambo yakanyooka. Ilimuuma kumpenda, lakini alikwisha kumpenda. Pazia likasogezwa taratibu.

Akajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi, akampa fundi mkono.

"Haya, mama yangu mzazi nimekukabidhi," alisema. "Ila hilo la kukuita baba, nipe muda."